Vitabu vya Kufuta

Saa moja kasorobo asubuhi, mlango wa maktaba umefungwa.

Mama Gundi anasimama barazani na kapu mkononi. Anausukuma mlango kwa bega, haufunguki. Anacheka peke yake. Tangu aanze kazi katika maktaba hii ya sekondari hajawahi kuukuta mlango huu umefungwa. Mkutubi hufika kabla ya ndege, yeye hufika baada ya chai. Leo, anajiambia, leo nimempiga bao shemeji.

Anazunguka nyuma, anachukua ufunguo wa akiba juu ya kizingiti, anaingia. Harufu ni ile ile ya karatasi kuukuu na gundi ya unga. Juu ya kabati la dirishani kuna beseni la maji, na ukingoni kitambaa kilichokamuliwa kimetandazwa kikauke. Sweta la mkutubi liko mgongoni mwa kiti.

Simu inaita ndani ya kapu. Ni dada yake.

"Mdogo wangu," dada anasema. "Shemeji yako hakuamka."

Hivyo ndivyo pengo lilivyoingia. Mama Gundi anakumbuka kwamba hakulia. Alimwaga maji ya beseni nje, akasuuza kitambaa, akakianika, akafunga milango yote miwili, akaenda msibani.

"Mikono ilikuwa inatafuta kazi," anasema. "Ningejua ninachokimwaga, ningeliacha beseni lile mpaka likauke lenyewe."

Mama Gundi ni mhudumu wa maktaba. Anafagia, anapanga, anashona vitabu vilivyoachia. Jina alipewa na wanafunzi kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo daima vina ngozi ya pili ya gundi iliyokauka, naye huibandua akiwa anaongea na mtu. Mshahara wake unaishia kwenye kodi ya chumba na ada ya binti yake. Viatu, anasema, vinasubiri zamu yao.

Marehemu, yule mkutubi, alikuwa mume wa dada yake mkubwa. Nyumbani alimwita shemeji, na kazini akashindwa kubadilisha ulimi. Wanafunzi waliposikia Mama Gundi akiita "shemeji, gundi imekwisha," "shemeji, kuna mgeni," wakadhani hilo ndilo jina. Basi akawa Mwalimu Shemeji. Mgeni mmoja kutoka ofisi za elimu aliwahi kumuuliza kwa ukali, "Wewe ni shemeji wa nani hapa?"

"Wa shule nzima, bwana," alijibu. "Na mahari bado sijamaliza."

Yeye ndiye aliyemfundisha Mama Gundi kushona kitabu: sindano ya gunia, uzi uliopakwa nta, na gamba la kitabu kilichokufa likatwe kuvisha kilicho hai. Alikuwa na neno lake akilikata gamba: "Kufa kufaana." Mama Gundi alizoea kulicheka. Sasa halicheki.

Kila mwaka, kabla ya likizo ndefu, wawili hao walikaa sakafuni na kupitia rafu moja baada ya nyingine, kutoa vitabu vilivyokwisha maisha. Kazi hiyo Shemeji aliiita kuchambua, kama mtu anavyochambua mchele kwenye ungo. "Toa chuya, usitoe mchele," alisema. "Na chuya nayo usiitupe, kuku wapo." Vilivyoliwa na mchwa vilikwenda kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Vya mitaala iliyopita vilikatwa picha za kufundishia. Kurasa tupu za mwisho zilishonwa kuwa madaftari ya hesabu za haraka. Kwa Shemeji kitabu hakikutoka shuleni mpaka kimeulizwa mara ya mwisho kama kuna kazi kinaweza.

Mwaka huu mambo yalikuja kwa njia nyingine. Shule imepata mkuu mpya, mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Wakaguzi walikuwa wameandika kwamba maktaba imejaa takataka, na kompyuta zilizoahidiwa hazina pa kukaa. Mkuu aliwapa walimu wiki moja. Neno lake halikuwa kuchambua. Alisema vitabu vifutwe, yaani vifutwe kwenye orodha ya mali ya shule, vipakiwe, viondoke.

Marehemu alikuwa na siku chache tu kaburini Mkuu alipomwita Mama Gundi ofisini.

"Pole tena, mama. Sipendi kukusumbua, lakini nataka kuheshimu alichopanga marehemu. Alikwishaanza kazi?"

"Alikwishaanza, Mkuu."

"Kabati la dirishani je? Alikwambia lolote?"

Mama Gundi alikumbuka jioni ile ya mwisho. Shemeji alikuwa amekunja mikono ya shati, Mama Gundi anavaa kandambili aondoke. Alimwambia bila kugeuka: "Nenda tu, mama. Mimi nabaki kidogo. Hivi vya dirishani ni vya kufuta."

Akayarudisha maneno hayo kama alivyoyapokea. "Alisema ni vya kufuta, Mkuu."

Mkuu akaitikia kwa kichwa. Kabla ya kengele ya mchana, kabati la dirishani lilikuwa limechorwa msalaba wa chaki.

Hapa ni lazima msomaji aelezwe kabati lile lilikuwa na nini. Lilikuwa na vitabu vyembamba vya kujifunzia kusoma: herufi kubwa, sentensi fupi, picha ya kuku na vifaranga, picha ya mtoto na ndoo. Katika shule ya sekondari vitabu hivyo ni aibu, na mkaguzi yeyote angeuliza vinafanya nini pale. Lakini kila mwaka huja wanafunzi ambao wamevuka darasa hadi darasa kama gogo linavyovuka mto, bila kujua walikopita. Wananakili ubaoni herufi kwa herufi, hati safi kabisa, na hawawezi kusoma walichoandika.

Hao Shemeji aliwajua kwa macho. Hakumwita mtu mbele za watu. Alimwambia tu, "Njoo unisaidie kupanga vitabu baada ya kengele, upite nyuma." Kabati la dirishani lilikuwa limegeuzwa ubavu, nyuma yake kuna benchi, na anayeketi pale haonekani kutoka mlango wa mbele. Mama Gundi alikaa upande wa pili na gundi yake, mlinzi asiye na rungu, akisikia sauti ndogo zikikokota silabi.

"Aliniapisha," anasema. "Aliniambia, mama, anayeingia kwa mlango wa nyuma hana jina. Hata dada yako usimwambie."

Hata leo hataji jina la mwanafunzi yeyote. Ukimuuliza ni wangapi, anabandua gundi kidoleni na kuuliza kama umeshakunywa chai.

Kwa nini basi hakupinga siku ile ofisini?

"Nilidhani amekata shauri bila kunishirikisha. Mtu akishafariki, neno lake la mwisho unalibeba kama yai. Huligeuzi-geuzi." Kisha anaongeza, kwa sauti ya chini: "Na nilimkasirikia. Usiku nilikuwa namwambia, shemeji, wale watoto umewaacha na nani? Namgombeza maiti, fikiria."

Siku ya lori ilianza kwa jua kali. Mnunuzi wa karatasi chakavu alimtuma dereva wake, mtu wa mzaha na tumbo, akaegesha barazani na kufungua ubavu wa gari. Vitabu vilikuwa vimefungwa mafurushi kwa kamba ya katani. Mama Gundi alipewa kazi ya kuyatoa ndani hadi mlangoni.

"Mama, mbona unayabembeleza?" dereva alimtania. "Hayo yanakwenda kuwa katoni za mayai. Tupa!"

"Wewe ukifa utatupwa?"

"Mimi nitahitaji lori langu peke yangu," dereva alisema, akipiga tumbo.

Mafurushi ya mitaala ya zamani yalipita. Yaliyoliwa na mchwa yakapita, yakimwaga unga njiani. Likabaki kabati la dirishani. Mama Gundi akalitoa furushi la kwanza, la rafu ya juu, akalikabidhi. Akatoa la pili, la rafu ya chini, akalikumbatia, na alipolishusha akaona kifua cha gauni lake kimekuwa cheusi.

Akatazama viganja. Vumbi tupu.

Akarudi kwenye furushi la kwanza, akapitisha kidole juu ya migongo ya vitabu. Safi. Hata kwenye mikunjo, safi. Akatoa furushi jingine la juu: safi. La chini: vumbi la miezi.

"Nikaliona beseni," anasema. "Nililiona pale juu ya kabati kama siku ile. Na kitambaa. Alikuwa amefika nusu."

Shemeji hakuwahi, hata siku moja, kuita kazi ya kuondoa vitabu kufuta. Kwake hiyo ilikuwa kuchambua. Kufuta kwake kulikuwa kufuta ubao na kufuta vumbi. Jioni ile alibaki nyuma kusafisha vitabu vya watu wa mlango wa nyuma, kwa sababu kesho yake wangekuja. Alifuta rafu ya juu, akachoka, akakamua kitambaa, akaenda nyumbani kulala. Shule ilikuwa na neno moja lenye nyuso mbili, na Mama Gundi alikuwa amelipeleka ofisini kwa uso usio wake.

Hakukimbia, kwa sababu magoti yake hayakimbii, lakini walimu waliomwona akivuka uwanja walisimama.

Mkuu alikuwa kwenye baraza ya ofisi, kalamu mkononi, anatia saini kibali cha kutoa mzigo.

"Mkuu, nisamehe. Nimekosea. Vile vya dirishani si vya kufuta."

"Ulisema marehemu mwenyewe alisema."

"Alisema ni vya kufuta. Vya kufuta vumbi, Mkuu."

Mkuu alimtazama kama anayejiuliza iwapo anachezewa. "Mama, najua una msiba. Lakini nimeviona. Kuku na vifaranga. Hii ni sekondari. Nipe sababu moja kwa nini vibaki, moja tu, nami navishusha sasa hivi."

Sababu alikuwa nayo, nayo ilikuwa na sura, tena sura kadhaa, na baadhi zilikuwa darasani dirisha la pili kutoka pale aliposimama. Kuitamka lilikuwa jambo la sekunde. Baada ya hapo Mkuu angeuliza ni kina nani, na swali la Mkuu halijibiwi kwa chai. Kufikia jioni shule nzima ingejua nani hajui kusoma.

"Sina la kusema, Mkuu," alisema.

"Hata mpaka kesho siwezi kusubiri. Wakaguzi wanakuja." Sauti yake haikuwa ya ubaya. "Nenda ukapumzike, mama." Akampa kibali dereva, aliyekuwa amefika kukichukua.

Lori likapiga honi na kuanza kuteremka taratibu kuelekea getini. Mama Gundi akalifuata kwa miguu, bila kujua anafuata nini. Ndivyo mtu anavyofuata jeneza, anasema. Unajua hutalirudisha, lakini huwezi kusimama.

Getini yuko mlinzi ambaye wote humwita Kamanda. Ni mtu mzima wa mabega mapana, mwenye wajukuu, na koti lililopauka ambalo vifungo vyake hung'arishwa kila siku. Kamanda anasifika kwa jambo moja: hacheleweshi gari. Anapokea kibali, anatazama mhuri, anainua mkono, geti linafunguka. Siku ile alipokea kibali, akatazama mhuri, na mkono haukuinuka.

"Kamanda, fungua, jua linatuchoma," dereva aliita.

"Subiri. Nasoma."

"Unasoma?" Dereva alicheka hadi usukani ukatikisika. "Tangu lini? Wewe na mhuri tu ndio mnaojuana!"

"Jana si leo."

Kamanda aliinua karatasi karibu na uso, kisha akaishusha, akaiweka juu ya bati la moto la lori, akaweka kidole chini ya mstari. Midomo ikaanza kusogea kabla ya sauti.

"Vi-ta-bu," alisema. "Vitabu." Akasogeza kidole. "Vi-li... vi-li-vyo... vi-li-vyo-fu..."

Dereva akaacha kucheka. Mama Gundi alikuwa amefika nyuma ya lori, mkono mdomoni. Alikuwa anamjua Kamanda wa benchi la nyuma, anayekuja zamu yake ikiisha, kofia ameikunja mfukoni. Na alijua jambo jingine: kazi ya geti hupewa mtu anayejua kusoma. Kamanda alipoomba kazi alisema anajua. Sasa anasoma kama mtoto, mchana kweupe, mbele ya watu, na Mkuu anakuja kwa hatua zake ndefu kuona lori limekwama kwa nini.

"...vi-li-vyo-fu-twa," Kamanda alimaliza. Akanyoosha mgongo. "Vitabu vilivyofutwa."

"Haya, umefaulu," dereva alisema. "Fungua."

Kamanda hakufungua. Alizunguka ubavu wa lori, akachagua furushi la rafu ya chini, akapitisha kiganja chote juu yake. Akakiinua. Kilikuwa cheusi.

"Hapa pameandikwa vilivyofutwa," alisema. "Hivi havijafutwa. Vina vumbi. Siwezi kutoa mzigo usiolingana na kibali."

Kicheko cha dereva kililipuka upya. Mkuu hakucheka. Alitazama kiganja cha Kamanda, akamtazama Mama Gundi na gauni lake lenye vumbi kifuani.

"Kamanda, hayo ni maneno gani?"

"Ni maneno ya kibali, Mkuu. Nimeyasoma mwenyewe."

"Nimekusikia ukiyasoma." Akasogea hatua moja. "Nani anakufundisha?"

Kamanda alivua kofia. Kwa mkono ule ule mweusi akaonyesha furushi. "Hicho cha kuku, Mkuu. Na marehemu."

Mama Gundi anasema pale ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu simu ya dada yake. Si kwa huzuni hasa. Alilia kwa sababu mtu wa kwanza kumtaja Shemeji kwa kazi aliyokuwa akiifanya alikuwa amesimama juani na ajira yake mkononi.

Mkuu alimgeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza sababu moja."

"Haikuwa yangu kuitoa, Mkuu."

"Wako wengine?"

Mama Gundi akafuta macho kwa upande safi wa khanga. "Mlango wa nyuma hauna majina."

Mkuu aligeuka akatazama madarasa, dirisha baada ya dirisha, kama anayehesabu vichwa asivyoweza kuvijua. Kisha akamwambia dereva, "Shusha vya kabati la dirishani."

"Mkuu, mzigo nimeshaupima!"

"Kaupime tena."

Vilivyobaki viliondoka na lori, na Mama Gundi hakuvililia. Chuya ni chuya. Alitoa magamba machache yaliyokuwa bado imara kabla kamba haijakazwa, akayatia kwenye kapu. Dereva aliyaona akatazama pembeni.

Kamanda aliambiwa aje ofisini kesho yake asubuhi. Anasema hakupata usingizi, na mkewe alimuuliza mara kwa mara anaumwa wapi. Ofisini alikaa muda mfupi. Alichoambiwa ni kwamba kuanzia siku ile wageni wasijiandikishe wenyewe getini, aandike yeye. "Ndiyo adhabu yangu," anasema, huku mgeni akisubiri mbele yake juani. "Taja jina lako polepole, ndugu. Silabi kwa silabi." Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka habari yake iandikwe.

Kompyuta zimefika. Zimewekwa upande wa mbele, na kabati la dirishani limesogezwa ndani zaidi, likiwa bado limegeuzwa ubavu. Wakaguzi walipouliza vitabu vya kuku, Mkuu aliwajibu kwamba ni vya wafanyakazi, akageuza mazungumzo. Kuhusu mengine ya nyuma ya kabati, yeye na Mama Gundi hawajawahi kuzungumza.

Dada yake Mama Gundi alikuja siku moja kuchukua sweta la mumewe. Alikaa kidogo kwenye kiti cha marehemu, akanusa hewa. "Kumbe ndiyo harufu aliyokuwa anakuja nayo nyumbani," alisema. "Nilidhani ni yake." Aliondoka bila sweta.

Mama Gundi hana cheti cha ualimu. Shule aliiacha kabla ya kuimaliza. Silabi anazijua kwa kuzisikia miaka yote akiwa upande wa pili wa kabati. Sasa amehamia upande ule wa benchi, na anakiri kwamba wiki za kwanza sauti yake ilitetemeka kuliko za wanafunzi. Anatumaini mkutubi atakayeletwa atakuwa mtu wa kuuliza kabla ya kuondoa. Akiwa si wa hivyo, anasema, atamfundisha tofauti ya maneno mawili siku ya kwanza, kabla hajavua koti.

Nafasi ya mkutubi haijajazwa. Jumatatu vitabu vya dirishani vinafutwa, rafu ya juu na ya chini, na Kamanda ndiye anayebeba beseni. Ufunguo wa mlango wa mbele anao Mkuu. Wa nyuma uko palepale juu ya kizingiti, na mlango hufunguliwa baada ya kengele ya mwisho.